Bawabu wa Mji Usiojengwa

Mtu wa kwanza kunidai kamisheni kwa bidhaa aliyoinunua yeye mwenyewe alikuwa Dardiri Hasaballa. Aliingia uani kwangu asubuhi, wakati nabishana na dereva wa pikapu aliyeniletea milango ya jumba moja lililobomolewa Heliopolisi na kushikilia kwamba kioo kilichopasuka kilijipasukia chenyewe. Dardiri alisubiri tumalize. Hilo nililitia akilini. Mnunuzi mwenye haraka huingilia maneno. Mwenye akili hutulia asikilize muuzaji anavyoteremka bei.

"Nataka mlango, Hajati."

Jina langu ni Inshira, na Maka sijafika, lakini hapa Kairo mwanamke mwenye ua wake na vibarua wake kando ya barabara ya mzunguko huitwa Hajati, apende asipende. Nauza milango ya mitumba. Nyumba za zamani za mjini zikivunjwa, milango yake hupitia kwangu kabla ya kwenda kuanza maisha mapya.

"Wa chumbani au wa nje?"

"Wa jengo. Mkubwa, wa pande mbili."

"Nafasi yenyewe ina upana gani?"

"Upana wowote."

"Ukuta ni wa tofali au wa zege?"

"Ukuta haupo."

"Na jengo?"

"Nalo bado. Uza mlango, Hajati, ya jengo niachie mimi."

Nimewahi kumwuzia mtu mlango wa bafu akaufanya meza ya kulia wageni, kwa hiyo sikushtuka. Nikamtembeza. Alichagua mlango wa kijani uliotoka nyumba ya daktari, wenye nondo zilizosokotwa na kitasa cha shaba. Akaugonga, akausikiliza. Akaufungua, akaufunga. Halafu akaketi chini mbele yake, akaegemea, kama mtu anayejaribu kiti dukani.

Nikataja bei. Akacheka.

"Huu ni mlango au kaburi la Firauni?"

"La Firauni ungelipa dhahabu. Mimi nataka karatasi tu."

Akataja yake. Zamu yangu kucheka. Tukanywa chai, tukatukanana kwa adabu, tukaapa kila mmoja kwa wazazi wake, na hatimaye tukakutana pale ambapo wote wawili tulijua tangu mwanzo kwamba tutakutana. Alipomaliza kulipa akabaki amenyoosha kiganja.

"Na kamisheni yangu?"

"Ya nini?"

"Ya kukuletea mteja."

"Mteja yuko wapi?"

"Si mimi hapa?"

"Dardiri, wewe ndiye mnunuzi!"

"Mnunuzi ni mnunuzi, bawabu ni bawabu. Hakuna kitu kinachoingia jengoni kwangu bawabu asipate chake. Mlango huu unaingia jengoni kwangu au hauingii?"

"Jengo halipo!"

"Ndiyo maana nachukua nusu."

Nikampa. Si kwa huruma. Mtu anayenunua mlango wa jengo lisilokuwepo lazima amesimama mahali ambapo majengo yanakuja, na mimi nilitaka kupaona. Nikamwambia kuupeleka ni bure, nikapanda pikapu pamoja na mlango.

Mahali penyewe paliitwa Bustani ya Kesho. Palikuwa ng'ambo ya barabara ya mzunguko, pale mji unapokatika kama mkate na jangwa linaanza. Kulikuwa na bango kubwa lililochorwa miti, watoto juu ya baiskeli na mama mmoja akimwagilia mboga juu ya paa. Nyuma ya bango hapakuwa na kitu mpaka vilimani, ila mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye miiba.

Kampuni ilikuwa imemwajiri Dardiri kama mlinzi, na hapo ndipo ugomvi wake ulipoanzia.

"Mlinzi hufukuzwa siku ukuta unapokamilika," alinieleza huku tukiisimika miimo ndani ya zege. "Bawabu huanza kazi siku hiyo. Mlinzi hupewa tochi, Hajati. Bawabu hupewa chumba."

Chumba ndicho kilichokuwa kinamtoa jasho. Zamani alikuwa nacho, chini ya ngazi, katika jengo moja la mtaa wa Dokki, akiishi na mkewe Ratiba. Jengo likavunjwa. Yeye akaanza kulala kwenye vibanda vya ujenzi, Ratiba akarudi kwao Sohagi, kusini kabisa, kwa kaka yake, ambako wifi alikuwa akimhesabia mikate kwa macho. Kila Ijumaa waliongea kwenye simu, na Ijumaa ya karibuni Ratiba alikuwa amesema la mwisho.

"Kanambia nipate chumba kabla ya Idi ya Kuchinja ya mwakani," alisema Dardiri, "la sivyo nimpe talaka yake. Anasema mume wa kusikika tu hamtaki. Kama ni kusikika, redio anayo."

Hesabu yake ilikuwa hivi: mlango ukisimama, lazima uwe na bawabu; bawabu akiwepo, lazima apewe chumba; na chumba hakiwezi kuning'inia hewani, kwa hiyo jengo litafuata. Nimefanya biashara na watu wenye shahada wenye hesabu mbaya kuliko hiyo.

Akaweka kibaraza cha tofali kando ya mlango, mtungi wa maji, jiko la chai, akaketi. Na watu wakautii mlango. Jangwa lilikuwa wazi pande zote, ungeweza kupitisha msafara wa ngamia kulia au kushoto, lakini wapimaji wa ardhi walipita mlangoni na vyombo vyao, wakajibu wanakokwenda. Mchunga mbuzi mmoja aliwapitisha mbuzi wake mmoja mmoja. Aliyejaribu kuzunguka alikemewa: "Wewe umelelewa wapi? Mlango si huo hapo?" Na aliyekemewa alirudi, akaomba radhi, akapita.

Siku ile ile tuliyousimika mlango akaja Mhandisi Shahinaz, mwenye kuupanga mji wote. Alikuwa amesoma nje muda mrefu na alikuwa mtu mwema kwelikweli, na hilo lilinitia wasiwasi. Mwizi ana bei. Mtu mwema hujui umshike wapi.

"Ami Dardiri," akasema, "huu mlango unafunga nini?"

"Haufungi kitu, mhandisi. Uko wazi. Karibu."

Akataka kupita pembeni. Dardiri akainuka upesi. "Huku, binti yangu. Huko ni ukutani."

Shahinaz akasimama mguu mmoja hewani. Nilimwona kwa macho yangu. Akaurudisha mguu, akapita mlangoni, uso umemwiva.

Akautandaza mchoro wake juu ya boneti ya gari akatueleza. Mji hautakuwa na uzio wala geti. Maji yatatumika mara mbili, mara ya pili kwa miti. Umeme utatoka kwa jua. Magari yataachwa nje. Njia zitakuwa nyembamba ili kivuli cha nyumba hii kiiangukie ile. Majirani watafahamiana na kulindiana watoto.

Dardiri aliupekua mchoro kwa kidole, pembe kwa pembe. "Chumba cha bawabu kiko wapi?"

"Hakipo. Hiyo ndiyo shabaha yenyewe, ami. Jamii endelevu haihitaji bawabu."

"Na mtungi wa gesi ukiletwa, ataupokea nani?"

"Hakutakuwa na gesi. Watapikia nguvu za jua."

"Na hilo jua atalipokea nani?"

Shahinaz akanigeukia. "Hajati, mlango huu ukiununua tena utatoa ngapi?"

"Robo ya nilichouzia."

"Na kamisheni yangu ya kuutoa?" akaingilia Dardiri.

Nikamwuliza mhandisi nyumba zake zitahitaji milango mingapi. Akasema mamia, na kwamba wafadhili wa mradi, watu wa nchi za nje, wangependa ya mitumba, kwa sababu kukata miti ili kujenga mji wa miti kungewaaibisha. Nikautuliza moyo wangu usionekane unavyoruka. Nikamwambia: "Mwache mzee na mlango wake kwanza, mwanangu. Kitu kidogo kisikuharibie kikubwa." Tangu hapo nikawa mtu wa katikati, na mtu wa katikati hana budi kuona pande zote mbili zinaendelea kuishi.

Wafadhili walikuwa na kanuni moja isiyopindika: hakuna jiwe litakalowekwa kabla ya wakazi waliokutwa mahali hapo kushirikishwa kupanga mji wao. Wapimaji walikwenda huku na huko, wakarudi na taarifa kwamba mkazi aliyekutwa ni Dardiri. Mtu mmoja aliuliza habari za mbuzi, akaambiwa wale ni wapita njia.

Basi kikao kikaitishwa. Likafungwa turubai, vikapangwa viti vya kukodi, zikaletwa keki, juisi na kipaza sauti. Shahinaz akasimama mbele.

"Ndugu wananchi," akasema.

Dardiri akatazama nyuma.

"Tutagawanyika makundi. Wazee meza ile, vijana meza hii, kina mama kule. Kila kundi litupe pendekezo moja, kisha tupige kura."

Dardiri akainuka, akaenda meza ya wazee. Akafikiri, akanywa juisi, akapendekeza kila jengo liwe na chumba cha bawabu. Likaandikwa. Akaombwa ahamie kwa vijana. Akavua kilemba, akakiweka magotini, akakaa upande upande.

"Vijana wanasemaje?" akauliza Shahinaz.

"Wanapinga."

"Wanapinga nini?"

"Walichosema wazee."

"Kwa sababu gani?"

"Mhandisi, wewe nyumbani kwenu hamna vijana?"

Likaandikwa. Kwenye meza ya kina mama aligoma kabisa kuketi. "Siwasemei. Ratiba akipata habari kwamba nimewasemea wanawake, hata hiyo Idi hatangoja."

Kura zikapigwa: wazee wanakubali, vijana wanakataa, kina mama hawakuhudhuria. Pendekezo la chumba cha bawabu likaanguka kwa kukosa wingi.

Nilimkamata nje ya turubai. "Wewe una akili timamu? Umejipinga mwenyewe!"

"Hajati, nilikuwa kwenye meza ya vijana. Ulitaka niseme uwongo?"

"Mke wako unampoteza hivi hivi."

"Najua," akasema, na midomo ilikuwa imemkauka. "Lakini vijana ndivyo walivyo."

Kilichomwokoa ni kanuni ile ile. Wafadhili waliisoma taarifa ya kikao, wakasema mtu mmoja ni wachache. Waletwe na wale ambao wangependa kuhamia. Shahinaz hakujua awapate wapi, akamwomba Dardiri awaalike watu anaowafahamu. Nikamwambia Dardiri: asiyekuwepo na lake halipo, lete watu wako, na safari hii wote wakae meza ya wazee.

Na bawabu anamfahamu nani? Ijumaa baada ya sala zikafika pikapu zimejaa, kanzu zimepigwa pasi, vilemba vimefungwa vizuri. Wote walikuwa mabawabu, wote watu wa Sohagi, wakitanguliwa na mtu mnene aitwaye Khalafu. Shahinaz akawapokea mmoja mmoja, huku akipita kwenye mlango na kurudi bila kufikiri.

"Unajishughulisha na nini, ami?"

"Mimi nina jengo la ghorofa kumi na mbili, Zamaleki," akasema Khalafu.

"Mashallah! Na wewe?"

"Langu dogo, ghorofa sita. Ila lina lifti."

"Mimi langu limejaa madaktari watupu. Wananisumbua sana."

Bawabu yeyote husema hivyo. Jengo ni lake. Wanaoishi ndani ni watu wanaopita. Hakuna aliyedanganya. Shahinaz akanivuta kando, macho yakimng'aa. "Hajati, watu wenye mali kiasi hiki, na wamekuja nyuma ya pikapu! Unyenyekevu gani huu?"

"Matajiri wa Sohagi ndivyo walivyo," nikasema. Nilikuwa na milango ya kuuza.

Wakapewa vipande vya mbao juu ya meza, wajenge mji wanaoutaka. "Anzeni na kile ambacho bila hicho jengo si jengo," akawaelekeza Shahinaz. Meza zote zikaanza na chumba kidogo kando ya mlango wa kuingilia. Kisha kibaraza. Kisha pa kuweka mtungi. Hapo ukazuka ugomvi mkali: mlango utazame kaskazini upate upepo, au utazame njiani umwone anayekuja? Khalafu na mwenye madaktari walishikana kanzu. Wakaamuliwa, wakakubaliana utazame njiani, kwa sababu upepo huwezi kuuliza unakwenda wapi. Baada ya hapo wakaketi kunywa chai.

"Na ghorofa?" akauliza Shahinaz.

"Ghorofa zitakuja," akasema Khalafu. "Sijaona jengo lenye bawabu likakosa ghorofa."

Shahinaz akaandika kwamba wananchi wamekubaliana kwa kauli moja, na kwa kweli haikuwahi kutokea kauli moja kama ile. Taarifa ikaenda kwa wafadhili, wakashangilia huko huko waliko. Wananchi wameomba nyumba ndogo! Zote chini, zote zinatazama njia, kila mtu anamwona mwenzake, umeme wa balbu moja. Walikuwa wamezoea watu wanaoomba maegesho ya magari. Wakaidhinisha awamu ya kwanza: vyumba vya chini vyote vijengwe mara moja, na juu yake ziachwe nguzo na nondo zimechomoza tayari kwa ghorofa za awamu ya pili.

Zabuni ya milango nikaipata mimi. Nilikuwa nimenunua na shehena ya madirisha, mazuri, ya mbao za zamani, nikawapelekea mafundi. Mabawabu wakayakataa.

"Dirisha la nini?" akasema Khalafu. "Mwenye mlango anatazama mlangoni."

"Na hewa?"

"Inaingia mlangoni kama watu wengine. Nikiwekewa na dirisha nitalinda pawili kwa mshahara mmoja."

Vyumba vikaisha, mwaka nao ukazunguka. Wale ambao majengo yao mjini yalikuwa yakivunjwa, au yamewekewa milango inayofunguka kwa namba, wakahamia. Dardiri akapewa ufunguo wa chumba nyuma ya mlango wake wa kijani, maana mafundi walikuwa wamejenga kuanzia pale. Kwenye ramani yao mlango ule ulionekana umeshakuwepo. Akampigia simu Ratiba. Idi ilikuwa inabisha hodi. Ratiba akasema amesikia, anafunga virago.

Lakini wafadhili walikuwa wamekwisha kuhamia nchi nyingine, iliyokuwa na jua kali zaidi. Awamu ya pili ikawa inakuja tu.

Laiti mngeuona mji ule siku hizo! Kila mlango na kibaraza chake, kila kibaraza na bawabu wake, kila bawabu na chai yake, wakiwasubiri wakazi, mara kwa mara wakiinua macho kwenye nondo ambako shomoro walikuwa wamejenga. Khalafu akiishiwa sigara alikaa bila sigara, kwa sababu bawabu hamtumi bawabu dukani. Nilipokwenda kukagua bawaba za milango, niliulizwa ninakokwenda mlango kwa mlango tangu mwanzo wa mtaa hadi mwisho, na mwisho wenyewe kulikuwa na mchanga.

Kabla Ratiba hajafika, wajumbe wa wafadhili wakaja kuona matunda yao. Mama mmoja mwenye kofia pana akasimama mbele ya Dardiri, na Shahinaz akatafsiri: "Anauliza, wewe kama mkazi, una furaha na mji wako?"

"Mimi si mkazi," akasema Dardiri, akisimama kwa heshima. "Mimi bawabu."

"Wakazi wako wapi?"

"Bado hawajafika. Tunawasubiri."

Wakaenda mlango wa pili. "Mimi bawabu. Wenyewe hawajafika." Wa tatu vilevile. Walipofika kwa Khalafu, Shahinaz hakuuliza tena. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Uamuzi wao ulikuwa mfupi. Vyumba vimejengewa wakazi. Kama wakazi hawapo, vifungwe, vikabidhiwe kampuni, na kampuni itajua la kufanya. Walikuwa bado wako hotelini mjini, ndege yao kesho yake. Shahinaz akaja kwangu moja kwa moja.

"Hajati, ulijua kuwa hawa wote ni mabawabu?"

"Hukuniuliza."

Akaketi juu ya kizingiti kilichokuwa kinasubiri mteja. "Kuna njia moja. Kila aliyemo atamke mbele yao kwamba yeye ni mkazi, na chumba kinakuwa chake moja kwa moja. Lakini mkazi tu. Kanuni ya mji inasema hakuna bawabu, na safari hii watashika kanuni. Mshahara wa Ami Dardiri unakoma. Akikubali yeye, wengine watafuata. Mimi hawanisikii tena."

Nikaenda. Vyumba vikifungwa, milango yangu, ambayo nilikuwa bado sijalipwa, ingerudishwa uani kwangu yote pamoja, na hakuna soko linalomeza milango kiasi hicho.

"Sema wewe ni mkazi, yaishe," nikamwambia Dardiri.

"Siwezi."

"Unakaa hapa?"

"Nakaa."

"Unalala hapa?"

"Nalala."

"Basi u mkazi."

"Hajati, usinivunjie heshima mbele ya watu. Mkazi ni mtu gani? Ni mtu anayeshusha kikapu kwa kamba kutoka ghorofani, akapiga kelele mpaka umtilie nyanya, halafu akasema si mbivu. Mimi nitamshushia nani kikapu? Niko chini!"

Khalafu na wenzake walikuwa wamekwisha kusogea. "Leo mkazi," akasema mmoja, "kesho utaambiwa ulipie usafi wa ngazi."

"Ngazi hakuna!" nikasema.

"Ndiyo, na utalipia hivyo hivyo."

Hapo ikasimama tuktuk kutoka kituo cha treni, akashuka mwanamke mrefu aliyejaa vumbi, godoro begani, sufuria zimefungwa kwa shuka, na mabata wawili chini ya kwapa. Dardiri akasahau kumwuliza anakokwenda.

"Kuna nini?" akauliza Ratiba. Si salamu, si kilio. Nikampenda papo hapo kama mtu wa kufanya naye biashara.

Nikamweleza: mumeo akikubali kuwa mkazi, chumba ni chenu. Aking'ang'ania ubawabu, chumba kinafungwa. Ratiba akaniachia mabata, akaingia ndani. Tukamsikia akigonga kuta. Akatoka.

"Dardiri, unataka kubaki bawabu?"

"Ndiyo kazi yangu, Ratiba. Unajua."

"Najua sana. Pale Dokki niliishi na bawabu. Kila nikianza kusema naye, ghorofa ya nne wanamwita. Chakula kikiiva, ghorofa ya saba wamesahau funguo. Siku mama yangu alipofariki ulinipa pole ukiwa umebeba friji ya watu. Bawabu nimekaa naye, namfahamu. Mkazi sijawahi kuwa naye. Hebu nimjaribu."

"Na heshima yangu?"

"Iache hapo nje pamoja na mabata. Hakuna atakayeiiba."

Watu wakacheka. Dardiri alitazama mlango, akatazama nondo juu yake, akamtazama mkewe. Jasho lilikuwa limelowesha kilemba.

"Nikisema mimi mkazi," akaniuliza kwa sauti ya chini, "halafu wakazi wenyewe wakija?"

"Hawaji, Dardiri."

"Hawaji kabisa?"

"Nondo zile zimeanza kutu."

Nadhani hilo ndilo lililomwumiza, kuliko mshahara. Akaketi kibarazani. Kisha akainuka, akafunga kilemba upya, akaniambia nimwite mhandisi. Wajumbe walirudishwa kutoka hotelini, na mbele ya mama mwenye kofia Dardiri akatamka kwamba yeye, Dardiri Hasaballa, ni mkazi, na huyu ni mkewe, naye mkazi. Alilitamka kama mtu anayekiri wizi wa kuku. Khalafu akafuata, kisha wengine, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie. Mama mwenye kofia akafuta machozi, akasema hajawahi kuona watu wanaolichukulia neno hilo kwa uzito kiasi kile.

Hesabu ya mwisho ni hii. Shahinaz alipata wakazi wake, wa kweli, wenye mabata, na kazi kubwa zaidi pembezoni mwa mji mwingine. Alichokosa ni mji wa wazi. Bustani ya Kesho haina uzio wala geti, na hakuna mahali Kairo nzima ambako ni vigumu zaidi kupita bila kujieleza. Kampuni ilipata jina, ikapoteza ghorofa. Mimi milango yangu yote ilibaki mahali pake, nikalipwa. Madirisha yamenidodea, nimeyauza nusu bei kwa mfuga kuku, na kuku hawakuthamini mbao zile.

Dardiri alipata chumba kabla ya Idi, na talaka hakuitoa. Lakini mkazi halipwi kwa kukaa, na mabata hawatoshi. Ilimbidi atafute kazi, na kazi aliyopata ni ng'ambo ya barabara, kwenye mtaa wa matajiri wenye ukuta mrefu na bwawa la kuogelea, ambako amevalishwa suruali na kofia yenye nembo, anainua na kushusha boriti ya geti, na analala huko huko kwenye kibanda. Wenzake wengi wamefanya vivyo hivyo. Anarudi kwake Ijumaa, anavua viatu, analala kitandani mlango umefungwa, na hata mtu akigonga haamki. Nilimwuliza kama anajuta. Akasema ukazi una raha yake, ila haumwachi mtu nafasi ya kuukaa.

Ratiba anasema Ijumaa moja ya mkazi ni bora kuliko mwaka mzima wa bawabu. Siku nyingine sita anashinda kibarazani na wake wa wenzake, na nikipita ni yeye anayeniuliza ninakokwenda. Hiyo kazi anaifanya bure.